Siku Tuliyopamba Nyumba ya Kabura

Kosa letu lilianza na vitambaa vya makochi. Watu watakuambia lilianza na ng'ombe, na kwa kuwa ng'ombe alikuwa wangu, najua wanamsema nani. Lakini mimi nilikuwako. Lilianza na vitambaa, vyeupe, vimefumwa kwa mkono na kupigwa pasi, na Phyllis ndiye aliyevileta akivishika juu ya mikono miwili ili visikunjike.

Wacha nikuambie kwanza Kabura ni nani, maana habari yenyewe ni yake. Mimi naitwa Ngendo, ingawa hapa kijijini kwetu, juu ya Karatina, wananiita Mama Wendy. Kabura ni jirani yangu. Kati ya boma lake na langu kuna ua wa miiba ya kaiyaba wenye mwanya mmoja, na mwanya huo tumeutanua sisi wawili kwa kupita kwa miaka thelathini na kitu.

Ana miaka hamsini na nane. Hakuolewa, na usimwulize kwa nini. Mimi niliuliza mara moja tukiwa bado vijana, akakaa wiki mbili bila kunisemesha. Alipika katika shule ya msingi miaka ishirini na miwili, githeri, mahindi na maharagwe, ya watoto mia tatu katika sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Msimu wa kahawa ukifika, alipika asubuhi na mchana akaenda kuchuma. Penye matanga alikuja na kuni zake mwenyewe. Ukimpa Kabura ndizi tatu leo, kesho utamwona kwenye mwanya na viazi kwenye leso, na ukikataa mtagombana. Huyo ndiye Kabura. Kuonewa huruma hataki kabisa.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa nne, alianguka jikoni shuleni akiwa ameshika mwiko. Damu ilipanda ikampiga upande wa kushoto. Shule ilimshukuru kwa kazi nzuri, ikampa blanketi, na ikatafuta mpishi mwingine. Mkono wake wa kushoto sasa unaning'inia, na mguu anauburuta. Nilikuwa naye daktari alipomwandikia tembe za aina mbili, za kila siku, hadi mwisho wa maisha yake. Daktari alimwambia asije akaziacha hata wiki moja. "Mama," akamwambia, "ya pili huwa haiombi ruhusa."

Maneno hayo yaliniingia tumboni na hayajatoka.

Kwa hiyo ilipotangazwa barazani kwamba kuna mpango mpya wa serikali, pesa za kila mwezi kwa watu wazima wasiojiweza, hata wale ambao hawajafika umri wa wazee, mimi ndiye niliyemburuta Kabura kwa naibu wa chifu akaandikwe. Nikaandikwa na mimi. Usinitazame hivyo. Mume wangu Wamae alikufa, mgongo wangu umekufa pia, na nina ng'ombe mmoja tu. Naibu wa chifu, bwana mmoja mnene anayeitwa Nderitu, alitueleza utaratibu. Afisa angekuja nyumbani kwa kila mtu, aulize maswali, apige picha. Majibu yangeingia kwenye kompyuta, na kompyuta ingetoa alama. Halafu majina yangesomwa barazani, wananchi wakubali au wakatae. Kabura angetembelewa Jumanne, mimi Ijumaa.

Phyllis ndiye mwenyekiti wa wamama wa kanisa letu. Aliposikia kwamba mgeni wa serikali anakuja kwa Kabura, aliuliza swali moja.

"Na atakaa wapi?"

Sasa nielewe vizuri, maana najua unataka kucheka. Sisi wamama wa hapa hatujawahi kumwacha mwenzetu apokee mgeni katika nyumba tupu. Wakija watu wa mahari, akija mchungaji, ikiwa ni matanga, vitu vinatembea. Makochi yanatoka kwa huyu, vikombe kwa yule, zulia kwa mwingine, na mgeni akienda kila kitu kinarudi kwao. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Nimeona bibi harusi akiposwa kwenye makochi ya nyumba tatu tofauti, na wazee wa upande wa pili wakasifu nyumba. Ndivyo tulivyolelewa. Hata mmoja wetu hakusimama akajiuliza huyu mgeni anakuja kutafuta nini.

"Waone ni mtu wa maana," Phyllis alisema. "Waone pesa yao haitapotea. Wakikuta nyumba iko ovyo watafikiri ni mlevi."

Na mimi nikasema ndiyo, kweli. Kabura peke yake ndiye aliyenung'unika, lakini alinung'unika kwa sababu ya kuwasumbua watu.

Basi Jumatatu mchana tukahamisha. Makochi yangu mawili na meza. Televisheni yangu, ile ambayo huwezi kuona picha bila kuipiga kofi. Zulia la Phyllis, taa yake ya sola, vikombe vyake vya maua na chupa yake ya chai. Juu ya kila kitu, vitambaa. Asubuhi ya Jumanne nilikuja na ng'ombe wangu pia, na kwa hilo sina hata kisingizio cha adabu. Nilijua nitakuwa pale hadi saa sita nikipika chapati, ng'ombe huyo akiachwa peke yake hulia mpaka majirani wanakasirika, na kwenye ua wa Kabura kulikuwa na nyasi nzuri. Nikamfunga pale mbele, karibu na mlango.

Afisa alikuja saa nne. Kijana wa Nyeri mjini, mpole, jina lake Hafiz. Alivua viatu mlangoni kwa sababu ya zulia. Mimi nilikuwa jikoni nje, moshi machoni, na sikusikia walichozungumza ndani. Phyllis aliingia kumimina chai akatoka akiwa anatabasamu.

"Anaandika sana," akaniambia. "Naona amefurahi."

Baada ya saa nzima Hafiz alitoka, akapiga picha ya nyumba, halafu akamgeukia ng'ombe. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisogea kando ili ng'ombe aonekane vizuri.

Akafuta kioo cha tableti yake kwa shati, akasoma. "Ngendo Wamae ni nani?"

"Ni mimi."

"Wacha nimalize na wewe leo, mama. Ijumaa niko na mkutano."

Tukapita kwenye mwanya. Nilifungua mlango wangu nikiwa bado nawaza habari za chapati, na nilipoingia nikaona nyumba yangu mwenyewe kama anavyoiona mtu asiyeijua. Sakafu tupu, ukuta tupu, na waya wa televisheni umening'inia bila kitu. Hafiz alisimama katikati akageuza kichwa polepole. Niliona uso wake unabadilika, ananihurumia. Nikampa debe akakalia.

"Makochi, mama? Uko nayo?"

Nikafungua mdomo.

"Televisheni? Sola? Meza?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akimwuliza Kabura saa nzima. Nilitaka kusema, na nakuapia nilitaka. Lakini nikisema makochi yako pale ng'ambo ya ua, Kabura atakuwa ameambia serikali uongo, na Phyllis pia, na chapati zangu zote ni za uongo. Niliogopa. Nilimwogopa hata yule kijana aliyevua viatu.

"Mifugo?" akauliza. "Ng'ombe, mbuzi, kuku?"

"Hakuna," nikasema.

Neno lenyewe lilitoka dogo sana. Akagusa kioo, akaendelea na swali lingine.

Alipoondoka nilikimbia kwa Kabura, na mgongo huu wangu. Nilimkuta amekaa kwenye kochi langu, pembeni kabisa, hataki kuegemea.

"Alikuuliza kama ni vitu vyako?"

"Aliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini, Mama Wendy? Phyllis alikuwa anamimina chai, amesimama hapo hapo. Nimwaibishe mbele ya mgeni? Nikasema ni vyangu." Akanikazia macho. "Kwani ni vibaya?"

Phyllis alikuwa anakunja vitambaa. Mikono yake ikasimama. Nje, ng'ombe wangu alikuwa akitafuna nyasi za Kabura bila wasiwasi wowote.

"Tunyamaze," Phyllis alisema mwishowe. "Ikisikika kwamba wamama wa kanisa wanadanganya serikali, tutaweka wapi nyuso? Kompyuta ina akili. Itajua."

Kompyuta ina akili! Mwanamke mzima, mwalimu wa Sunday school. Nilimkaripia pale pale, lakini wazo la maana sikuwa nalo hata mimi. Tukarudisha vitu. Makochi yangu nilipoyaweka mahali pake nilishindwa kuyakalia.

Wiki tatu tuliishi hivyo. Pikipiki ikisimama barabarani, nilifikiri wamekuja kunichukua. Sokoni Karatina nilisikia mwanamke wa mboga akisema kwamba huko Kagio kuna watu walioficha mali wakakamatwa, na sikujua kama ni kweli, lakini niliacha kuchagua nyanya nikarudi nyumbani. Nilianza kumfunga ng'ombe nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu wa barabarani hawezi kumwona. Fikiria, mwanamke wa miaka sitini na mmoja anaficha ng'ombe.

Na hayo yote ni woga wangu tu. Wa Kabura ulikuwa kwenye kikaratasi cha tembe juu ya rafu. Nilimkuta siku moja anakata tembe kwa wembe, nusu kwa nusu, akikandamiza wembe kwa kidole gumba juu ya kibao.

"Daktari amesema nzima," nikamwambia.

"Daktari hanunui."

"Kabura, wacha mchezo na hiyo kitu."

"Pesa za serikali zikianza nitameza nzima. Hata mbili nikitaka."

Alisema akicheka, nami nikacheka naye. Na kama siku nne baadaye tulikuwa tumesimama kwenye mwanya, ananieleza jinsi maharagwe yake yalivyoliwa na wadudu, na katikati ya sentensi neno likakwama. Mdomo wake ukavutwa upande mmoja. Macho yake yalikuwa yananitazama mimi, yamejaa hofu, yanaomba nifanye kitu, na mimi nikamshika mabega nikaita jina lake, Kabura, Kabura, Kabura, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Halafu mdomo ukarudi. Akameza mate.

"Wadudu," akasema. Hilo ndilo neno lililokuwa limekwama.

Nilimfikisha kwenye godoro lake, nikamtazama akimeza tembe nzima mbele yangu, nikafunga leso kichwani nikaenda ofisini kwa Nderitu. Njia nzima nilijiambia, Ngendo, leo unasema. Leo, hata wakufunge.

Nderitu alikuwa peke yake, anakula muhogo. Alipaza sauti kabla sijaketi.

"Mama Wendy! Hongera! Sitakiwi kusema, lakini nimeona orodha. Jina lako liko. Ati alama zako ziko chini kabisa, hakuna mtu hapa kwetu aliye maskini kukushinda!"

"Na Kabura?"

Alitikisa kichwa. "Huyo hajafuzu. Hata mimi nimeshangaa, lakini afisa ameona kwa macho yake. Watu huwa wanaficha vitu, eh?"

Sasa nitakuambia ukweli kwa sababu nimeshachoka kuubeba. Nilikuwa nimekuja kusema. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Na niliposikia jina langu limo, niliona paa langu linalovuja limezibwa, nikaona mgongo wangu umepumzika, nikaona mwezi ukifika pesa ikiingia kwa simu bila mimi kuinama popote. Nikasema, "Ahsante, bwana Nderitu." Nikarudi nyumbani. Kabura aliniuliza nilikuwa wapi nikasema dukani.

Baraza lilikuwa Alhamisi, katika uwanja wa ile ile shule ambayo Kabura alipikia. Baridi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka hadi kwenye milingoti ya goli, mlima hauonekani kabisa. Watu walikuwa kama mia mbili. Kabura aliketi mbele kwenye benchi la wagonjwa na mkongojo wake. Mimi nilikaa nyuma na Phyllis. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Hafiz alisoma jina moja moja. Aliyefuzu, alisema kwa nini, watu wakainua mikono, akaendelea. Ambaye hakufuzu, alisema pia kwa nini, na kama kuna mwenye neno aseme sasa. Orodha, alieleza, ingetumwa siku hiyo saa kumi. Baada ya hapo hakuna jina linaloongezwa hadi mwaka ujao.

Mwaka ujao. Nilihesabu tembe kichwani nikashindwa kumaliza.

"Kabura," akasoma. "Hakufuzu. Makochi, televisheni, taa ya sola, ng'ombe wa maziwa mmoja."

Watu mia mbili, na nusu yao wamewahi kunywa maziwa ya ng'ombe huyo kutoka kwa mikono yangu. Mtu mmoja alikohoa. Walijua, wote walijua, lakini kwetu hakuna mtu anayetaka kuwa yule aliyesimama mbele ya kijiji akafunua nyumba ya mwenzake. Walitazama chini.

"Mama Kabura, uko? Ni kweli ulivyosema?"

Kabura alisimama kwa kuegemea mkongojo. Akageuka polepole, akamtafuta Phyllis kwa macho, kisha akanitafuta mimi. Nilimsihi kwa macho yangu. Na nitakuambia nilimsihi nini. Nilimsihi anyamaze.

"Ni kweli," akasema. Akaketi.

"Ngendo Wamae. Hana makochi, hana televisheni, hana mifugo. Amefuzu. Wanaomkubali, mikono juu."

Mikono ilipanda kwa uzito, mmoja hapa, mmoja pale, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kabura aliweka mkongojo chini. Akainua mkono wake mzima, akaunyosha juu kuliko watu wote, na akageuka ili nione.

Sikupanga kusimama. Miguu ilisimama yenyewe, hata Phyllis akanishika sketi akifikiri naanguka.

"Ng'ombe ni wangu," nikasema.

"Nini, mama?"

"Ng'ombe! Ni wangu! Makochi ni yangu, televisheni ni yangu. Kabura hana kitu. Tulimpeleka vitu ili upate pa kukaa, wewe, mgeni. Ukaja kwangu ukakuta nyumba tupu kwa sababu vitu viko kwake, na mimi nikakudanganya." Sauti yangu ilikuwa inapasuka. "Na nilikuja ofisini kusema, nikaambiwa jina langu limo, nikanyamaza. Sasa andika hivyo."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Niliogopa. Na halafu nikazitaka."

Phyllis alisimama pembeni yangu, macho mekundu. "Vikombe ni vyangu," akasema. "Na zulia. Na sola pia."

Watu walicheka, kicheko cha kutoa pumzi, lakini Nderitu hakucheka. Alikuja hadi mbele yangu akiwa amekunja uso. "Mnajua hii ni kesi? Mnajua naweza kuwapeleka ndani nyinyi wawili leo?"

Hafiz alifuta jina langu. Nilimwona akifuta, kidole kimoja tu juu ya kioo. Kisha akatazama saa.

"Siwezi kumbadilisha mtu kwa maneno," akasema. "Lazima nione. Sasa hivi ni saa saba. Twende."

Tukaenda, Hafiz, Nderitu, wazee wa baraza, Phyllis na mimi, na nyuma yetu watu ambao hawakualikwa. Kabura alitangulia. Anaburuta mguu, anasimama kupumua, anaburuta tena, na hakuna aliyethubutu kumpita. Nilijaribu kumshika mkono akautoa. Mlangoni kwake aliingiza ufunguo, kisha akanigeukia.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Mama Wendy," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Safari hii Hafiz aliacha mlango wazi. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, mkeka, godoro jembamba, sufuria mbili, kiti kimoja cha kukunja ambacho kimefungwa kamba. Hafiz akasimama, Kabura akakaa kitini. Alianza maswali mwanzo kabisa, kwa upole, na Kabura akajibu neno moja moja akitazama ukuta. Maji anachota wapi. Anapikia nini. Nani anamletea kuni. Sisi tulikuwa nje tunasikia yote. Nikuambie mapema ili usikae roho juu, jina lake lilipita, lilitumwa kabla ya saa kumi, na sasa anameza tembe nzima. Nderitu naye alitukaripia hadi akachoka, halafu kesi akaisahau. Lakini si hayo ninayokumbuka nikiwa nakamua asubuhi.

"Mama, kwa siku unakula mara ngapi?"

Kabura akashika kamba ya kiti.

"Leo umekula?"

"Leo bado."

"Na jana?"

"Jana nilikunywa chai ya rangi."

"Juzi?"

Nilisubiri aseme. Nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango. Kila siku nilipita kwenye ule mwanya na debe la maziwa, nikimwita aje tunywe chai, naye akinijibu ameshiba, amekula sasa hivi, na mimi nikaenda zangu. Pesa yote ilikuwa inaenda kwenye zile tembe nusu. Phyllis, nyuma yangu, alianza kulia kimya kimya.

Hafiz aliliacha swali la juzi. Akasoma linalofuata, maana limo kwenye fomu na lazima liulizwe.

"Hakuna majirani wa kukusaidia?"

"Wapo," Kabura akasema. "Niko na majirani wazuri sana. Hawajui."

Hafiz akaandika.